Sabasaba ya Monduli: mbwa, paka, bibi na majirani wa jeshi

Alhamisi usiku

Mabegi yamejaa sebuleni na paka kalala juu ya turubai, nimeona nianze kuandika leo leo maana najijua, nikisema nitaandika nikirudi ndo basi tena.

Iko hivi. Sabasaba imeangukia Jumatatu kwahiyo wikiendi ni ndefu, na baba Neema ana rafiki yake kazini, Mmasai wa Monduli, mzee wake ana eneo kubwa chini ya mlima, akasema njooni mpige tenti huku mkae hata siku zote hizo na mbwa wenu mlete. Hapo kwenye mbwa ndo alinimaliza. Ukiwa na mbwa Arusha hii kutoka na familia ni mtihani, hifadhi za taifa getini hupiti na mnyama wa kufugwa, Ngorongoro vile vile, na siwalaumu kabisa, distempa na kichaa cha mbwa vinatoka kwa mbwa wa vijijini vinaingia porini, mwaka 1994 distempa iliua kama theluthi ya simba wa Serengeti. Kwahiyo miaka yote mbwa wanabaki na mlinzi na sisi tunaenda zetu na roho inauma.

Kitu kimoja tu, lile eneo limepakana na upande ambao jeshi linafanyia mazoezi. Monduli bana kila mtu anajua ni mji wa jeshi, chuo cha maafisa wa jeshi, TMA, kipo pale, ndo pale Rais anapoendaga kutunuku kamisheni maafisa wapya. Rafiki yake baba Neema alicheka akasema "mkisikia mabomu msitoke mbio, ni majirani tu hao". Mimi nikacheka. Mama mkwe hakucheka. Mama anakaa Gongo la Mboto kule Dar, yupo huku kwetu tangu mwezi uliopita kwa ajili ya macho, na mtu wa Gongo la Mboto ukimtajia mabomu ya jeshi unamtajia kitu kingine kabisa. Ila akasema anakuja, habaki na nyumba peke yake.

Kazi ya leo ilikuwa kukagua nguo. Mwanangu Imani ana kofia ya mabaka alinunuliwa mtumbani, na Jeki yule mbwa mdogo ana kikoti cha kamba cha mabaka mabaka shemeji Frenki alimletea zawadi, vyote nimetoa nimeweka kabatini. Shemeji anasema naogopa bure, mbwa nani atamkamata, nikamwambia Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wote wenye nguo zinazofanana na sare zao wazisalimishe, sasa wewe unataka kwenda kupiga tenti mlangoni kwao na mbwa kavaa kombati? Akanyamaza. Droni yake nayo nimemwambia aiache hapa hapa mjini, kurusha droni nchi hii mpaka kibali cha mamlaka ya anga na Wizara ya Ulinzi nayo iridhie, na kurusha karibu na kambi hata kama kibali unacho ni kujitafutia. Amesema sawa. Simwamini.

Vitabu vya chanjo vya mbwa na paka nimeweka kwenye dashibodi. Ndio, paka anaenda pia, anaitwa Waziri, Neema amelia mpaka baba yake akakubali. Paka kwenye kambi, haya.

Ijumaa

Tulitaka kutoka saa mbili tukatoka saa tano. Popi ni mbwa mkubwa, mzee, hapendi gari, Jeki anapenda gari kupita kiasi, Waziri yupo kwenye kikapu chake analalamika kwa sauti moja tu isiyokata kuanzia nyumbani mpaka Kisongo. Ukipita Kisongo barabara inafunguka, vumbi la Julai, ng'ombe, vimbunga vidogo vya vumbi vinatembea uwandani, alafu mbele unakata kulia kupanda Monduli mjini na unaanza kuona wanajeshi. Wanakimbia mchakamchaka kando ya barabara, wanaimba, Imani kafungua dirisha anawapungia na mmoja nyuma kabisa kampungia kidogo tu kwa vidole, sidhani kama anaruhusiwa.

Kabla ya kwenda kwa mzee tulipitia ofisi ya kijiji. Hii nasisitiza kwa yeyote mwenye wazo kama letu. Mtendaji alikuwepo, tukaandika kitabu cha wageni, majina yote, namba ya gari, tunakaa mpaka lini, kwa nani, akauliza mnyama mmeleta wa nini nikamwonyesha vitabu vya chanjo akafurahi sana kwa kweli, akasema wageni wengi wanapita juu kwa juu alafu usiku askari wa doria anaona moto asioujua inakuwa shida ya kila mtu, na yeye ndo anaamshwa. Akampigia simu mtu, akaongea kidogo, akasema haya taarifa zimefika, karibuni.

Mzee mwenyeji wetu ni mrefu, mwembamba, lubega jekundu na koti la suti juu, simu mbili. Kabla hata ya chai akasema twende niwaonyeshe mipaka. Tukaenda wote, watoto, mbwa kwenye kamba, mama na fimbo yake. Kuna korongo kavu linapita chini ya eneo lake kama dakika kumi kwa mguu, ng'ambo yake kuna nguzo nyeupe na kibao ENEO LA JESHI HAIRUHUSIWI KUPITA, rangi imepauka lakini inasomeka. Mzee akasema, "Hili korongo ndo mwisho. Ng'ombe wangu wanajua, mbuzi wanajua, sasa na nyie mnajua." Alafu akanyoosha fimbo kwenye kilima cha mbali, akasema pale panapandishwa bendera nyekundu, ikiwa juu wanapiga risasi za moto, ikishuka wamemaliza, lakini hata ikiwa imeshuka huvuki. Neema akauliza sasa kama imeshuka si wamemaliza? Mzee akamwangalia akasema walichorusha kikalipuka kimeisha, ila kisicholipuka kipo kinakungoja wewe.

Hiyo sentensi imenitembelea kichwani siku nzima.

Tenti tumepiga mbali na korongo, juu karibu na boma, upepo unakata kweli kweli. Moto tumewasha sehemu mzee aliyoonyesha, nyasi zimekauka zote, mchanga na ndoo ya maji pembeni. Mbwa wa boma walikuja kuwasalimia wa kwetu, walikuwa wamesimamisha mgongo, vijana wa mzee wakawafukuza kwa mawe (hawalengi, wanatupa tu). Nimeuliza kama wamechanjwa, kijana akasema wale wawili ndio, yule mwekundu hajulikani. Kwahiyo Popi na Jeki kamba mda wote, na sababu ya pili ni mbuzi, mbwa wa mjini akimkimbiza mbuzi wa Mmasai hiyo kesi hulipi kwa samahani.

Usiku baridi mpaka meno. Kimya kabisa, hakuna bomu wala nini. Shemeji akasema "mbona kimya, nimedanganywa".

Jumamosi

Hakudanganywa.

Saa moja na nusu asubuhi nachemsha chai, bendera nimeiona iko juu, nikamwambia baba Neema angalia kule, kabla hajageuka ikaanza tatatata, tatatata, ya mbali, kama mtu anagonga bati kwa fimbo. Risasi ndogo ndogo zile kusema ukweli haziogopeshi, mbwa waliinua masikio wakaendelea na uji wao. Ikaenda hivyo kama saa nzima mpaka ukazoea, ndo ikaja kubwa. Sio sauti tu, unaisikia kifuani, sufuria ikatetemeka kwenye jiko, na kabla mwangwi haujarudi kutoka mlimani ikaja ya pili.

Sasa shemeji alikuwa bado kalala na ndiye aliyemfunga Popi jana usiku, kamfunga kwenye nguzo ya tenti yake. Popi ana kilo kama arobaini. Alichomoka na nguzo, nguzo ikaja na tenti, tenti ikamfunika shemeji, nasikia ndani anapiga kelele "tumepigwa! tumepigwa!" na Imani anacheka amekaa chini kabisa hawezi kusimama. Mimi nilikuwa naangalia Popi anaelekea wapi. Alikimbia moja kwa moja chini ya gari letu, na tenti nusu nyuma yake, akajikunja pale anatetemeka mate yanamtoka. Nashukuru Mungu ni gari na sio korongo. Mbwa akishtuka anaenda anapopajua, na kitu pekee alichokuwa anakijua kule kilikuwa gari.

Nilichofanya nikafungua mlango wa nyuma, nikatandika blanketi lake la nyumbani lenye harufu ya nyumbani, madirisha nikapandisha nikaacha upenyo, redio nikawasha kidogo, taarabu, nikamwita kwa sauti ya kawaida tu. Akaingia. Hii daktari wa mifugo alituambiaga zamani kwenye fataki za mwaka mpya, usimkemee, usimvute atoke alipojificha, mpe shimo lake lenye giza na sauti nyingine ya karibu ya kufunika ile ya mbali, na kila mlio mkubwa ukipita mpe kitu kitamu hata kama ni kipande cha ngozi ya kuku. Jeki kwa mfano hana habari, mlio wa kwanza alibweka, wa pili akaangalia mfuko wa vipande, wa tatu akakaa mwenyewe anasubiri malipo. Umri nao, Jeki hajafika miaka miwili.

Shemeji alivyotoka kwenye tenti akapendekeza tumpe Popi piritoni alale. Nikamwambia dawa ya kutuliza mbwa anaandika daktari wa mifugo, na usije ukaguse panado za mama ukampa Waziri, paka panado moja inamuua. Waziri mwenyewe yuko ndani ya begi la kulalia la Neema amejiviringisha, mlio mkubwa anafungua jicho moja anafunga. Tungejua tungeleta paka watatu na mbwa hakuna.

Katikati ya hayo yote sikumwona mama. Nikageuka, yuko kwenye siti ya mbele ya gari, mlango kafunga, kanga kajifunika mpaka kichwani, mkono wake umepita katikati ya siti umeshika sikio la Popi. Nikaingia upande wa dereva nikakaa. Sikusema kitu. Akasema mwenyewe, "Siku ile ilikuwa Jumatano." Tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la kambi ya Gongo la Mboto lililipuka usiku, zaidi ya watu ishirini walikufa, na kabla ya hapo Aprili 29 mwaka 2009 ilikuwa Mbagala. Mama alikuwa anasonga ugali. Anasema taa zikazimika, anga likawa jekundu, watu wote mtaa mzima wanakimbia njia moja kuelekea mjini, wengine wamebeba watoto ambao sio wao kwenye giza bila kujua, yeye alibeba beseni. Beseni tupu, alifika nalo mpaka Ukonga ndo akaliona mkononi. Watoto wengi walipotezana na wazazi usiku ule, wengine wakahifadhiwa Uwanja wa Uhuru mpaka wanatambuliwa. Nyumbani kwake dari lilishuka ila ukuta ulibaki. Nimeolewa humu miaka yote sijawahi kusikia habari ya beseni.

Nikamuuliza mama turudi mjini? Tunaweza kufunga sasa hivi. Akafikiria, mlio mwingine ukapiga, Popi akajibana kwake, akasema, "Hawa wanajua wanapiga wapi. Ile hakuna aliyekuwa anajua. Tukae."

Mchana bendera ilishuka kama saa saba. Popi alitoka kunywa maji, akarudi gari. Jioni ikapanda tena kwa mda mfupi, na Neema alianzisha mchezo wa kuhesabu, kwa sababu upande wa kilima unaona moshi kwanza alafu sauti ndo inafika, baba yake kamfundisha sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, ukihesabu tatu ni kilomita moja na ushee. Alihesabu mpaka kumi na mbili. Kilomita nne na kidogo. Akaenda kumwambia bibi yake, "bibi wako mbali, kilomita nne," na mama akauliza kilomita nne ni kama wapi na wapi, Neema hakujua Dar, ikabidi baba yake aeleze. Baada ya hapo kila mlio nasikia mama naye anahesabu chini chini, moja, mbili, tatu.

Jumapili

Usiku mbwa wa boma walibweka sana, vijana wanasema ni chui, alipita nyuma ya zizi. Mlima huu una nyati na chui na tembo wanapitaga, na kwa chui mbwa ni chakula kabisa, tena anampenda. Kwahiyo wetu walilala ndani ya gari wote wawili na mama akasema na yeye analala humo humo. Akawa na usingizi mzuri kuliko sisi wote.

Leo asubuhi bendera haikupanda. Tukaenda Monduli Juu na gari mpaka Emairete, kile kijiji kilichokaa ndani ya bakuli la volkano ya zamani, mashamba ya mahindi chini na kingo za mlima pande zote, ukipanda ukingoni unaona Bonde la Ufa lote limelala chini, siku ikiwa safi na Ziwa Manyara lile pale. Mbwa walitembea huru kwa mara ya kwanza, kwa kamba ndefu lakini, sio huru sana. Watoto wa shule walikuja kumwangalia Waziri kwenye kikapu wakauliza anakula nini, Neema akasema samaki, wakacheka, samaki huku wa wapi. Mama aliomba tupite kwa Sokoine, yule waziri mkuu wa zamani, akasali, kaburi lake liko huku huku nyumbani kwake, mama ana umri wa kukumbuka Aprili 1984 redio ilivyotangaza kifo chake. Sisi wengine tulisimama nyuma. Sina cha kuongeza hapo.

Kurudi kambini ndo kulitokea kioja. Nilikuwa navua viatu, Jeki katokea upande wa korongo, kamba inaburuzika, kuna mtu alimwachia (simtaji, ana droni), na mdomoni ana kitu. Chuma. Kinang'aa upande mmoja, upande mwingine kina kutu, kimejaa mdomo. Kila mtu akaganda. Mzee alikuwa anakuja na maziwa akasimama pale pale, akaweka kibuyu chini taratibu.

Jamani mbwa mwenye kitu mdomoni ukimkimbilia anadhani ni mchezo na anakimbia kuja kwa watoto. Ukimpigia kelele atakitupa au atakitafuna. Baba Neema alishika watoto wote wawili kwa mashati akawarudisha nyuma ya gari, mama kamfunika Imani na mwili wake wote, mimi nikachuchumaa, nikatoa mfuko wa vipande vya kuku, nikasema "Jeki, weka." Tumemfundisha hilo neno kwa ajili ya viatu. Akaniangalia. Akaangalia mfuko. Ameweka chini polepole kabisa kama anaweka yai, akaja kuchukua kuku wake, nikakanyaga kamba, tukarudi nyuma wote mbali kabisa.

Mzee akazunguka kwa mbali, akainama, akatazama muda mreeefu. Kisha akasema, "Ni kopo la samaki."

Dagaa wa kopo. Kopo lililobondwa. Shemeji akaanza kucheka, mzee hakucheka na mimi sikucheka, na mama alimchapa shemeji kofi la mgongo lililosikika mpaka bomani. Mwaka 2017 kule Ngara mkoani Kagera wanafunzi wa shule ya msingi waliokota bomu la mkono wakidhani ni chuma chakavu, wakaenda nalo shule na likawaua watoto. Hao watoto hawakuwa wajinga. Kitu kikikaa chini miaka kinafanana na kopo tu. Mzee akawaita Neema na Imani pamoja na wajukuu zake akawakalisha chini akasema kwa Kiswahili cha polepole, chuma usichokijua huokoti, hupigi jiwe, hupigi teke, unarudi ulikotoka kwa njia ile ile uliyokuja, unamwambia mkubwa, mkubwa anamwambia mwenyekiti na mwenyekiti anawaambia wanajeshi, wao wanakuja kukimaliza. Wajukuu wake walikuwa wanasema pamoja naye, wameshaimba hii mara nyingi.

Jioni walikuja askari, watatu, kwa miguu, wamepita njia ya ng'ombe. Shemeji akawa amesimama wima kama yuko gwaride. Yule kiongozi wao alianza na mama, "Shikamoo mama," mama akaitikia marahaba mwanangu, akauliza nyie ndo wageni wa kwenye kitabu? Ndio afande. Akaangalia mbwa, akauliza yule mkubwa mbona yuko kwenye gari, nikamweleza anaogopa. Akasema leo usiku kuna zoezi, itakuwa mabomu ya kumulika na risasi baridi, zile za mlio tu, mpaka kama saa tano, msishangae kuona anga linawaka na moto wenu uzimeni mapema. Hakuna kupiga picha upande ule. "Na droni msirushe," akasema akimwangalia shemeji moja kwa moja, sijui alijuaje, nadhani ana uso wa mtu mwenye droni. Mama akawapa chai wakakataa, akawapa maandazi wakaangaliana, wakachukua.

Usiku ukawa kama walivyosema. Yale ya kumulika yanapaa bila sauti, unasikia "pop" hafifu juu, alafu mwanga mweupe unashuka taratibu na kiparashuti chake unayumba, vivuli vya miti navyo vinayumba, mbuzi zizini wote macho ya kijani. Hewa ya baridi ya usiku inabeba sauti mbali, tulisikia hadi mtu anatoa amri ng'ambo huko ila maneno hayaeleweki. Popi alipewa chakula mapema, akakojoa mapema, saa mbili yuko kwenye shimo lake na taarabu, na huyo mama pembeni. Mida ya saa nne nilienda kuchungulia. Mama kashusha kioo kidogo anaangalia juu. Ananiambia haya nayo mazuri, yakianguka hayaunguzi nyasi? Nikamwambia yanaweza, ndo maana wanatuambia tuzime moto na wao wana watu wa kuzima. Akasema, "Hm." Popi alikuwa anakoroma.

Jumatatu

Sabasaba yenyewe imeishia kwenye kukunja tenti. Tenti ya shemeji ina tundu la ukubwa wa mbwa. Takataka zetu zote tumebeba, hasa makopo, mzee alisema mwaka jana ng'ombe wake alimeza kipande cha bati la wageni, na baada ya jana sisi hatuna mtu wa kumfundisha habari ya makopo. Tumemwachia sukari, majani ya chai na tochi ya sola, yeye katupa asali na maziwa, na kijana wake ameniahidi yule mbwa mwekundu atapelekwa wakija watu wa chanjo.

Njiani kutelemka tulikutana na msafara wa malori ya jeshi unapanda. Baba Neema akaegesha pembeni kabisa, akazima injini, taa za hatari, tukasubiri wapite wote, hupiti katikati ya msafara hata kama una haraka. Lori la mwisho lilikuwa limejaa vijana wamechoka vumbi tupu usoni mpaka kope, na mama akawapungia mkono, sio kidogo, mkono wote nje ya dirisha. Walipungia lori zima. Jeki kabweka, Imani kapiga saluti kwa mkono wa kushoto. Popi alitapika kwenye mkeka, hiyo ilikuwa Kisongo.

Nyumbani saa kumi. Kabla mtu hajaingia ndani tukaanza kupekua kupe, mbwa kwanza alafu watoto, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Jeki alikuwa na wawili watatu, Popi ameleta kijiji kizima. Unashika kwa kibano karibu kabisa na ngozi unavuta wima bila kunyonga, usimwagie mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti kama babu zetu, anatapika humo humo kwenye kidonda na ugonjwa unaingia. Tuwaangalie wiki mbili hizi, akikataa chakula au mkojo ukiwa mwekundu ni kupe hao. Waziri hana hata mmoja. Kaenda kulala juu ya droni ya shemeji, ambayo naona ilikuwa kwenye begi lake la nguo safari yote.

Kesho asubuhi Popi anaenda kwa daktari, sikio la kushoto anakuna mno na tochi ya simu haifiki mwisho.